Kumbukumbu ya Mwimbaji kama Chanzo cha Historia: Emmanuel "Jagari" Chanda na Bendi ya WITCH ya Zambia

Historia ya Zamrock, yaani muziki wa roki uliostawi Zambia katika miaka ya 1970, imeegemea mno kumbukumbu za watu wachache. Aliyesikika zaidi miongoni mwao ni Emmanuel Chanda, mwimbaji kiongozi wa bendi ya WITCH iliyochipukia Kitwe, katika eneo la migodi ya shaba la Copperbelt. Jina la bendi ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya "tunakusudia kuzua vurugu". Lakabu yake, Jagari, ilitokana na jina la Mick Jagger, likaongezewa irabu mwishoni kama zidaivyo lugha za Kibantu. Wenzake wa kikosi cha awali, akiwamo mpiga gitaa Chris Mbewe na mpiga besi Gedeon Mulenga, wamekwisha kufariki. Ukimwi ulifyeka wanamuziki wengi wa kizazi hicho. Kwa hiyo analosimulia Chanda halina tena shahidi wa jukwaani wa kulithibitisha wala kulikanusha.

Kinachojitokeza kwanza katika masimulizi yake ni urefu wa maonyesho: kuanzia saa moja jioni hadi saa nane usiku, bendi moja ikipiga bila ya nyingine kuipokea. Ili kuujaza muda huo, vijana walipiga nyimbo za Rolling Stones, Deep Purple na Grand Funk Railroad pamoja na za kwao wenyewe. Maelezo haya yana uzito kuliko yanavyoonekana. Waandishi wengi hudai kuwa Zamrock ilizaliwa na agizo la Rais Kenneth Kaunda kwamba asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Kizambia. Agizo laweza kulazimisha redio. Haliwezi kununua gitaa la umeme, wala kumlipia kijana kiingilio cha dansi. Kilichoyawezesha hayo ni mishahara ya migodini na kumbi za burudani za miji ya shaba, na ndiko ulikopatikana umati ambao Chanda anaukumbuka. Hoja ya agizo inapendwa, pengine, kwa sababu ni fupi.

Muziki huo pia haukukomea mipakani mwa Zambia. Santuri za mwanzo zilipelekwa Nairobi kupigwa chapa kwa kuwa nchini hapakuwa na kiwanda, na bendi ya Musi-O-Tunya ilirekodi huko santuri yake Wings of Africa, iliyotoka mwaka 1975.

Mwaka huohuo bei ya shaba ilikuwa imeporomoka. Mpaka na Rhodesia ulikuwa umefungwa tangu 1973, na vita vya ukombozi vilipopamba moto, amri za kutotoka nje usiku ziliyasukuma madansi mchana. Chanda aliiacha bendi mwaka 1977 akasomee ualimu; baadaye aligeukia uchimbaji wa vito. Ukumbi wenye mwanga wa jua dirishani si mahali pa kupiga muziki wa namna ile kwa saa saba, na hapo kumbukumbu yake inaafikiana kabisa na historia ya uchumi wa nchi.

Tatizo gumu zaidi ni la msaili. Baada ya kampuni ya Now-Again Records ya Marekani kuzitoa upya kazi za WITCH, na hasa baada ya filamu ya Gio Arlotta ya mwaka 2019, wanaomhoji Chanda wamekuwa aghalabu wapenzi wa santuri kutoka ng'ambo. Huvutwa na mlio wa magitaa uliokwaruzwa na mwitikio wa umati. Nani alimiliki ala, mapato ya mlangoni yaligawanywaje, wazazi walisema nini nyumbani: maswali haya hupata nafasi finyu. Aidha, mahojiano hufanyika kwa Kiingereza, ilhali Kitwe ni mji wa Kibemba, na mtu hakumbuki yaleyale katika lugha mbili.

Mwaka 2023 WITCH ilitoa albamu mpya, Zango, iliyorekodiwa Lusaka, Chanda akiimba pamoja na wanamuziki wa Ulaya ambao hawakuwa wamezaliwa wakati bendi ilipoanza. Umaarufu huu utaleta mahojiano mengine kwa mtu yuleyule. Waliocheza dansi katika kumbi za migodi wakiwa na miaka 20 mwaka 1973 sasa wamepita 70, na hao bado hawajaulizwa vya kutosha.