Uvira: historia ya kartiye katika sauti za wakaaji wake

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe uliacha njia yake ukaingia ndani ya mji wa Uvira. Makumi ya watu walikufa, na nyumba nyingi sana zilibomoka ao zilibebwa na maji. Pamoja na nyumba zilienda pia karatasi za parseli, vyeti na picha za ndoa. Leo mtu akiuliza avenue fulani ilikuwa inapita wapi, ao parseli ya marehemu baba yake iliishia kwa mti gani, jibu mara nyingi liko katika kichwa cha mzee mmoja ao wawili tu. Nao wazee hawabaki siku zote.

Kukusanya kumbukumbu za kartiye ni kumuomba mkaaji aeleze aliyoyaona, kumrekodi, na kutunza ile sauti ili wengine waisikie. Si kitu kigeni kwa pwani hii. Burton na Speke walipofika Uvira Aprili 1858, walitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani ao unaingia. Wana watatu wa mwami wa hapo waliwaambia kwamba unaingia. Wazungu wale wawili walirudi bila kufika kwenye mdomo wa mto, na mabishano yakaendelea huko Uingereza kwa miaka 13, mpaka Livingstone na Stanley walipoenda kuona kwa macho, Novemba 1871. Wenyeji walikuwa wamesema kweli tangu mwanzo!

Kongo ina mfano mkubwa zaidi, huko Lubumbashi. Mwaka wa 1965, André Yav aliandika historia ya mji ule kwa Kiswahili kwa jina la chama cha maboyi wa zamani, watu waliopika na kufua katika nyumba za wakoloni. Kitabu chao, Vocabulaire de la ville de Elisabethville, kilijulikana mbali baada ya Johannes Fabian kukichapisha tena mwaka wa 1990. Na tangu mwaka wa 2000, mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzake walikusanya kumbukumbu za wakaaji na kuzionyesha kwa watu wa mji wenyewe.

Kwa Uvira, mambo ya kuuliza hayakosi. Kuna njia ya reli iliyotoka bandari ya Kalundu hadi Kamanyola wakati wa ukoloni. Vijana wengi hawajui hata kama ilikuwako. Kuna soko, wavuvi, ngoma za harusi. Mama aliyeuza ndagala miaka 40 anajua mambo ya pwani ambayo hakuna ofisi iliyoyaandika. Mzee akipenda kusema Kivira, Kifuliiru ao Kibembe, aachwe aseme. Kutafsiri kutafanyika nyuma.

Ugumu uko kwenye vita. Simba waliingia mjini Mei 1964. Vita vingine vikafika Oktoba 1996. Anayeeleza miaka hiyo anaweza kutaja jina la mtu ambaye watoto wake wanakaa avenue ileile. Hapo ruhusa ya mara moja haitoshi. Inaomba kumsikilizisha mzee sauti yake, kumuuliza nini kipite hewani, nini kingojee, na kukubali akisema hapana. Hata mambo ya parseli ni ya kuangalia: sauti ya mtu mmoja inaweza kusaidia, lakini haimalizi kesi, maana kila mmoja anakumbuka mpaka upande wake. Wakipingana wawili, sauti zote mbili zitunzwe jinsi zilivyo.

Kwa kurekodi, simu inatosha, mradi kuku na pikipiki viwe mbali kidogo. Mwanzoni mtu ataje jina lake, kama amekubali, tarehe, na mahali alipokaa mbele ya maji. Kisha nakala ziwe mbili, moja nje ya simu, na isiwe katika nyumba iliyo karibu na mto.