Kinanda cha bahari: Ukuta wa mawimbi unaweza kulia

Kinanda cha bahari ni mabomba yaliyofichwa ndani ya ngazi au ukuta wa ufuoni. Wimbi likiingia upande wa chini wa bomba, maji husukuma hewa juu. Hewa hiyo hupita kwenye tundu jembamba, kama la filimbi, na bomba hulia. Bomba refu hutoa sauti nzito, fupi hutoa sauti nyembamba. Hakihitaji umeme wala mpigaji.

Kinachojulikana zaidi kiko Zadar, nchini Kroatia. Kilibuniwa na msanifu majengo Nikola Bašić na kufunguliwa mwaka 2005. Mji huo ulibomolewa katika Vita vya Pili vya Dunia, na ufuo wake ukajengwa upya kwa zege tupu. Leo pana ngazi za mawe zenye urefu wa meta 70 hivi, na chini yake mabomba 35. Watu huketi hapo jioni kusikiliza.

Mimi nilijaribu kwa bomba moja la plastiki la inchi 4, nikalifunga kwenye ngazi za gati. Lilikoroma kwa muda wa saa moja, kisha maji yakapanda yakaufunika mdomo wake. Yalipopwa, bomba likabaki juu, kavu.

Kosa lilikuwa langu: nilifuata mfano wa Zadar, ambako kwa kawaida tofauti ya maji kujaa na kupwa haifiki hata nusu meta. Mombasa, wakati wa bamvua, tofauti hiyo hupita meta 3. Kwa hivyo kinanda chetu kinahitaji mabomba ya kina mbalimbali, yapokezane maji yanapopanda, na midomo yote iwe juu ya alama ya bamvua. Kila bomba liwe na mfuniko wa kutolea mchanga. Chuma tusitumie, kitaliwa na chumvi.

Nayasema haya sasa kwa sababu kuta za kuzuia mawimbi zinaendelea kujengwa Pwani. Nyingi hulinda ardhi lakini humwacha mwananchi bila pa kuketi wala pa kushukia majini. Mabomba huwekwa kabla ya zege kumwagwa. Baadaye ni kubomoa. Wahandisi, kabla ya kuchora, waulizeni wavuvi bamvua hufika wapi. Wao wanaijua alama hiyo bila kupima.