Kutoka Seramu ya Simbilisi hadi Uvimbe Mgumu: Vimeng'enya katika Historia ya Tiba ya Saratani

Mwaka 1953 mtafiti wa Marekani, John G. Kidd, aliripoti kwamba seramu ya simbilisi ilisinyaza limfoma zilizopandikizwa katika panya, ilhali seramu ya farasi na ya sungura hazikufanya hivyo. Tangu mwaka 1922 ilikuwa imekwisha kuandikwa kwamba damu ya simbilisi ina kimeng'enya kiitwacho asparajinasi. Taarifa hizo mbili zilikaa mbalimbali hadi J. D. Broome alipoziunganisha mwaka 1961: baadhi ya seli za saratani haziwezi kujitengenezea asparajini ya kutosha, hivyo kimeng'enya kinapoimaliza katika damu, seli hizo hufa kwa njaa.

Simbilisi wasingetosheleza hospitali. Mwaka 1964 ilidhihirika kwamba asparajinasi ya bakteria *Escherichia coli* nayo hupambana na uvimbe, na dawa ikapatikana kwa wingi. Hata hivyo, protini ya bakteria ni mgeni mwilini, kinga huikataa. Uhandisi ulianzia hapo: molekuli za polietilini glikoli ziliambatishwa kwenye kimeng'enya ili kisitambulike upesi na kidumu zaidi katika damu. Dawa ya namna hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1994.

Mafanikio hayo yalikuwa ya saratani ya damu. Istilahi "uvimbe mgumu", ambayo baadhi ya wafasiri huiona kuwa tafsiri sisisi tu, kwa kweli inataja kiini cha tatizo. Katika saratani ya kongosho, seli huzungukwa na tishu nzito iliyojaa hayaluronani, ambayo huibana mishipa ya damu na kuizuia dawa kupita. Hayaluronidasi ya binadamu, ikiwa imeambatishwa polietilini glikoli, ilibuniwa ili kuimeng'enya ngome hiyo. Hoja ilikuwa ya kuvutia mno. Jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2019 lilionyesha wastani-kati wa uhai wa miezi 11.2 kwa waliopewa dawa hiyo pamoja na kemotherapia, na 11.5 kwa waliopewa kemotherapia pekee.

Njia ya kuzinyima seli chakula haikuachwa. Kimeng'enya cha *Mycoplasma* kivunjacho arijinini kilijaribiwa kwa wagonjwa 635 wa saratani ya ini bila kurefusha maisha. Kwa wagonjwa 249 wa mesothelioma, saratani ya utando wa mapafu inayohusishwa na vumbi la asibesto, kikiongezwa kwenye kemotherapia, wastani-kati ulifika miezi 9.3 badala ya 7.7. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2024.

Tofauti hiyo ni takribani wiki saba. Katika Kiswahili, "kutibu" mara nyingi husikika kama "kuponya"; mshauri wa sera asomaye kwamba kimeng'enya "kinatibu" mesothelioma anaweza kupanga bajeti ya uponyaji ambao haupo. "Kurefusha uhai", pamoja na idadi ya wiki, ndiyo kauli inayolingana na ushahidi.