Malumbano ya Wasomaji wa Mambo Leo

Mwezi wa Januari, 1923, Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianza kutoa Mambo Leo, gazeti la kila mwezi, mjini Dar es Salaam. Barazani mtu hubishana na jirani yake. Gazetini msomaji wa Tanga aliweza kumjibu wa Tabora asiyepata kumwona.

Katika miaka ya 1940 na 1950 wasomaji walibishana kwa barua na mashairi juu ya dansi: ni ustaarabu, au ni kuvunja heshima? Shairi lililifaa jambo hilo, maana mizani na vina vilimlazimisha mshindani kulipima neno lake kabla ya kulitoa.

Walakini, mwenye gazeti alikuwa serikali, wala haikutazamiwa kuchapa kila lawama juu yake yenyewe. Kwetu, gazeti aliloanzisha Erica Fiah, Mganda aliyekaa Dar es Salaam, mwaka 1937, lilikuwa mali ya Mwafrika, nalo liliyapa nafasi malalamiko ya Waafrika.

Kwa hiyo, atakayeyatumia malumbano ya Mambo Leo kuwa ushahidi wa fikira za watu wa Tanganyika hana budi kukumbuka kwamba yalipita kwanza mikononi mwa mhariri wa serikali.