Miaka 46 ya Kusubiri Umeme wa Rusumo: Historia Fupi ya Maswali Yetu Bungeni



Katika mikutano yetu hakuna swali linaloulizwa mara nyingi kuliko hili: mbunge wetu anasema nini huko Dodoma? Makala haya yanaeleza safari ya swali la mbunge tangu linapotoka kijijini hadi linapojibiwa na waziri. Yanakumbusha pia mambo makubwa ambayo wilaya zetu mbili zimelazimika kuyaulizia, na kueleza kwa nini historia hiyo inatuhusu sisi tunaochangishana mwaka huu.

Kabla ya kuwapo mtu wa kutuulizia

Mwaka 1919 Uingereza na Ubelgiji ziligawana sehemu hii ya iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Gisaka, iliyokuwa sehemu ya Rwanda, iliwekwa upande wa Waingereza kwa kuwa walitaka njia ya reli ya kuunganisha kusini na kaskazini mwa Afrika. Bugufi, iliyokuwa chini ya mwami wa Burundi, ikawekwa upande huohuo. Malalamiko yalifikishwa Ulaya kwa maandishi, na baada ya miaka michache Gisaka ikarudishwa Rwanda. Bugufi ilibaki. Mwaka 1948, ujumbe wa Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa ulipotembelea nchi hizi, suala la Bugufi lilifufuliwa, lakini mpaka haukubadilika. Leo Bugufi na Bushubi ndizo kiini cha wilaya ya Ngara.

Katika mjadala wote huo walioandika walikuwa wafalme, wamisionari na maofisa wa serikali. Mkulima wa Bugufi hakuwa na mahali pa kuuliza. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza mwaka 1926 bila Mwafrika hata mmoja. Waafrika wa kwanza waliingia mwaka 1945, nao walikuwa machifu wawili, Kidaha Makwaia kutoka Usukumani na Abdiel Shangali kutoka Uchagani. Mtu wa Ngara au Biharamulo aliyekuwa na shida alikwenda bomani, akasubiri.

Swali linavyosafiri

Uhuru ulibadilisha hali hiyo. Ibara ya 63 ya Katiba yetu inampa mbunge uwezo wa kumwuliza waziri swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo chini ya wajibu wake. Kwa hiyo kila asubuhi ya kikao, baada ya dua na hati kuwasilishwa mezani, hufuata maswali.

Wengi wetu tunasikia tu dakika zile chache za ukumbini. Mbunge anasimama na kutaja namba ya swali lake. Naibu Waziri anajibu kwa niaba ya Waziri, "kama ifuatavyo". Mbunge anashukuru, kisha anaomba kuuliza maswali mawili madogo ya nyongeza. Lakini swali la msingi liliandikwa muda mrefu kabla ya asubuhi hiyo na kupelekwa kwa Katibu wa Bunge, ambaye hulipeleka wizara inayohusika. Wizara nayo huhitaji takwimu ili ijibu. Kama swali ni la zahanati au shule, TAMISEMI huuliza mkoa, mkoa huuliza Mkurugenzi wa Halmashauri, na Mkurugenzi huwauliza wakuu wa idara zake. Nao hutegemea taarifa za watendaji wa kata na vijiji.

Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya jibu linalosomwa Dodoma huwa imetoka kwetu wenyewe. Taarifa ya kijiji ikisema kisima kinatoa maji wakati pampu imekufa, Naibu Waziri atasimama kwa nia njema kabisa na kuliambia Bunge kwamba kisima kinatoa maji. Wananchi watakasirika na kumlaumu, ilhali kosa lilianzia kwenye karatasi iliyoandikwa kilomita chache tu kutoka kwenye kisima chenyewe.

Jibu likishatolewa huingia katika Hansard, kumbukumbu rasmi ya Bunge, na kubaki humo. Waziri akihamishwa au kustaafu, ahadi yake inabaki pamoja na jina lake na tarehe yake.

Mambo yaliyotulazimu kuuliza

La kwanza ni ukimbizi. Tarehe 28 Aprili 1994 watu walianza kuvuka daraja la Rusumo kwa wingi. Kwa muda wa takriban saa 24 waliingia Wanyarwanda wapatao 250,000, wengi kuliko wenyeji wa wilaya nzima ya Ngara wakati ule. Kambi ya Benaco, iliyochukua jina la kampuni ya ujenzi wa barabara iliyokuwa na kituo chake hapo, ikawa mji mkubwa kwa siku chache. Tayari walikuwapo Warundi waliokimbia baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa mwezi Oktoba 1993. Desemba 1996 Wanyarwanda walirudishwa kwao, lakini Warundi waliendelea kukaa Lukole kwa miaka mingi. Dunia iliwakumbuka wakimbizi, na ilistahili kufanya hivyo. Ilibaki kazi ya wenyeji kuulizia miti iliyokatwa, vyanzo vya maji vilivyochafuliwa, na barabara za vijijini zilizosagwa na malori ya misaada.

La pili ni usalama na barabara. Wazee wa Biharamulo hawahitaji kukumbushwa enzi za mabasi kupita kwenye misitu yetu yakisindikizwa na polisi wenye silaha kwa kuhofia majambazi. Barabara ya Lusahunga hadi Rusumo, kilomita 92, hubeba mizigo ya Rwanda kutoka bandari ya Dar es Salaam, na inapochakaa nchi mbili huumia. Tarehe 6 Aprili 2016 Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame walizindua daraja jipya la Rusumo na kituo cha pamoja cha forodha. Daraja la zamani lilikuwa limetumika tangu miaka ya 1970.

La tatu ni uraia. Kihangaza na Kirundi ni ndugu, na majina yetu hufanana na ya majirani. Mwaka 2013, Operesheni Kimbunga ilipokuwa ikiwaondoa wahamiaji haramu katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, wapo watu wa mpakani waliojikuta wakitakiwa kuthibitisha kuwa wamezaliwa hapahapa. Baadaye zoezi la vitambulisho vya taifa likaleta maswali yaleyale. Mbunge wa wilaya ya mpakani hawezi kulikwepa jambo hili. Ana wajibu wa kulinda mpaka, na ana wajibu pia wa kumlinda bibi kizee ambaye hakupata cheti cha kuzaliwa kwa sababu siku alipozaliwa hapakuwa na ofisi ya kukitoa.

La nne ni umeme. Shirika la Bonde la Mto Kagera lilianzishwa mwaka 1977 na Tanzania, Rwanda na Burundi, na maporomoko ya Rusumo yalikuwa kati ya mipango yake mikubwa. Mitambo ya Rusumo, yenye uwezo wa megawati 80 za kugawana nchi tatu, ilianza kuzalisha umeme mwaka 2023, yaani miaka 46 baadaye. Kwa miaka mingi kati ya hapo Ngara na Biharamulo ziliwashiwa taa kwa jenereta za dizeli. Kizazi kizima kilisoma kwa koroboi huku kikisikia habari za maporomoko hayo.

La tano ni madini. Nikeli ya Kabanga ilianza kutafitiwa miaka ya 1970, na leseni ya uchimbaji mkubwa ilitolewa mwaka 2021, Serikali ikiwa na asilimia 16 ya hisa. Biharamulo ilikuwa na mgodi wa dhahabu wa Tulawaka, ambao baadaye ulichukuliwa na STAMICO kupitia STAMIGOLD. Fidia, ajira za vijana na ushuru unaobaki katika halmashauri ni mambo ambayo bado yanahitaji kuulizwa kila mwaka.

Wabunge hupita

Tazameni orodha hii. Ngara ilimchagua Prof. Feetham Banyikwa mwaka 2005, Deogratias Ntukamazina mwaka 2010, Alex Gashaza mwaka 2015 na Ndaisaba Ruhoro mwaka 2020. Chaguzi nne, wabunge wanne. Biharamulo Magharibi alikuwapo marehemu Phares Kabuye wa TLP, akafuatiwa na Oscar Mukasa wa CCM katika uchaguzi mdogo wa 2009, kisha Dk. Anthony Mbassa wa CHADEMA mwaka 2010. Mukasa alirudi mwaka 2015, na Mhandisi Ezra Chiwelesa wa CCM akachaguliwa mwaka 2020.

Ipo pia hali ambayo wengi huisahau. Mbunge akiwa waziri haulizi maswali. Yeye ndiye anayejibu. Biharamulo Mashariki, ambayo leo ni Chato, ilimpeleka Bungeni Magufuli mwaka 1995, naye akateuliwa mara moja kuwa Naibu Waziri wa Ujenzi na baadaye Waziri. Jimbo la jirani liliketi upande wa kujibu, nasi tukabaki upande wa kuuliza.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu zaidi ya watu 320,000 katika kila moja ya wilaya zetu. Sauti ya swali kwa kila wilaya ni moja. Mbunge anapobadilika, mpya huanza kwa kutafuta: mtangulizi wake aliuliza nini, akaahidiwa nini, mwaka gani? Kama hakuna anayemkabidhi kumbukumbu hizo, atauliza upya lililokwisha kuulizwa, na atajibiwa upya kwamba Serikali itatenga fedha kadri zitakavyopatikana. Hivyo miaka mitano mingine inapita.

Mchango wako unaingia wapi

Historia hii inatufundisha kwamba jalada lazima likae nyumbani. Kwa hiyo sehemu ndogo ya fedha tutakazochanga mwaka huu itatumika kukusanya kutoka katika Hansard maswali yote yaliyoulizwa kuhusu wilaya zetu pamoja na majibu yake. Nakala zitawekwa katika ofisi za halmashauri zote mbili, na nyingine atakabidhiwa kila mbunge atakayechaguliwa, wa chama chochote.

Sehemu kubwa itakwenda kwenye maboma. Mnajua utaratibu: wananchi hujitolea mchanga, mawe, matofali na nguvu zao hadi kwenye lenta, kisha huomba Serikali ikamilishe. Mbunge anayeuliza lini kijiji fulani kitapata zahanati hupewa jibu la sera. Anayeuliza lini Serikali itaezeka zahanati ambayo wananchi wamekwisha kuinua kuta zake, akiwa na picha mkononi na taarifa sahihi ya mtendaji wa kijiji, anamlazimu waziri kutaja mwaka wa fedha. Boma lililosimama ni sehemu ya swali, na kila mfuko wa saruji unaochangia unaliongezea swali hilo uzito.

Tunawaomba mjaze fomu ya ahadi iliyo katika kijitabu hiki na kuikabidhi kwa mweka hazina. Asiye na fedha kwa sasa alete kumbukumbu: barua ya zamani ya kijiji, muhtasari wa kikao cha kata, au nakala ya jibu la Serikali ambalo mzee wake alilihifadhi sandukuni. Hizo nazo tutazipokea kama mchango na kumpa stakabadhi.