Mkono Kabla ya Kalamu: Zana za Kushikika katika Ufundishaji wa Hisabati na Sayansi Tanzania

Aghalabu historia ya elimu nchini Tanzania huandikwa kwa kufuata sera, ikaiacha meza ya mwalimu. Hata hivyo, ni pale mezani, penye vijiti, kokoto na vizibo vya chupa, ambapo swali zito limekuwa likijibiwa kwa vitendo: je, hisabati na sayansi ni mali ya wachache wenye kukariri upesi, au ni haki ya kila mtoto?

Hesabu ya watu wa pwani ilikuwa mikononi tangu zamani. Shibiri mbili zilifanya dhiraa, na dhiraa nne zikafanya pima. Vibaba vinne vya nafaka vilitimiza pishi. Mcheza bao, mbele ya mashimo 32 na kete 64, alijumlisha na kutoa bila kuandika tarakimu. Darasa la kikoloni liliegemea zaidi ubao na kukariri, na hazina hiyo ikabaki nje ya mlango.

Mwaka 1967 ulileta mgeuko. Mwezi Machi, Mwalimu Nyerere alitoa *Elimu ya Kujitegemea*, akiilaumu shule inayomtenga mtoto na jamii yake na kuyatukuza maarifa ya vitabuni peke yake. Mwaka huohuo Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Mambo haya mawili yalitegemeana. Mtoto aliyefunga vijiti kumi kumi aliweza kuyataja mafungu yake: mamoja, makumi, mamia. Kwa mtoto wa bara aliyefika shuleni na lugha nyingine ya nyumbani, kitu alichokishika kilikuwa pia mkalimani wake. Kwa upande wa sayansi, mpango wa shule za msingi barani Afrika ulioanza mwaka 1965, na kuishirikisha Tanzania, ulikuwa umekwisha kuonyesha kuwa mchanga na wadudu wa uani vyatosha kuanzisha uchunguzi.

Mtihani ulikuja baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililoharakisha elimu ya msingi kwa wote. Madarasa yalifurika na vifaa vikawa haba. Vya kuokota ndivyo vilivyobaki. Lakini pale mwalimu alipovishika yeye na wanafunzi wakatazama kwa mbali, vijiti navyo viligeuka ubao mwingine.

Funzo hilo ni bayana zaidi kwa wanafunzi wenye ulemavu, ambao shule zao zilitangulia sera hizo: Buigiri kwa wasioona mwaka 1950, na Tabora kwa viziwi mwaka 1963. Asiyeona huijua pembetatu kwa vidole. Kiziwi huuona uzito mizani inapoinama. Kwao zana si pambo la somo, bali ndiyo njia ya kulifikia.

Hata hivyo, kitu hakifundishi peke yake. Huhitaji swali, na lugha ambayo mtoto aweza kulijibia. Kwa miongo mingi tangu uhuru, mwanafunzi wa Tanzania amevuka kutoka Kiswahili cha shule ya msingi hadi Kiingereza cha sekondari, na majina aliyoyafunga pamoja na vijiti vyake yakafunguka njiani. Hilo ndilo deni ambalo historia hii inawaachia wataalamu wa Kiswahili.