Karata za Taroti na Asili Yake

Msomaji, bila shaka umepata kuwaona wazee wakicheza karata barazani, ukayasikia majina ya aina zake nne: kopa, uru, shupaza na pau. Je, umepata kujiuliza majina hayo yalitoka wapi? Tuliyapata kwa Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498. Katika lugha yao maana yake ni vikombe, dhahabu, panga na marungu. Hata neno turufu ni lao, na asili yake ni ushindi.

Yashike maneno hayo, kwani yatatufaa. Ziko karata ziitwazo taroti, ambazo watu wengi huzijua kuwa ni chombo cha kupigia ramli. Husemwa kwamba zilitungwa na makuhani wa Misri ya kale.

Ushahidi wasema vingine. Mwaka 1440 Mwitalia mmoja, Giusto Giusti, aliandika katika kumbukumbu zake kwamba ametoa zawadi ya jozi ya karata za “ushindi”. Hizo ndizo zilizokuja kuitwa taroti. Jozi kamili ina karata 78: aina nne zenye karata 14 kila moja, turufu 21 zenye picha, na karata ya Mpumbavu. Aina zenyewe ni vikombe, sarafu, panga na marungu. Nazo turufu hula karata ya aina yoyote. Ulikuwa mchezo tu, tena wa wakubwa. Jozi moja iliyopambwa kwa dhahabu huko Milan, karibu mwaka 1450, imebakiwa na karata 74. 35 kati yake zimehifadhiwa New York, na 26 Bergamo.

Hadithi ya Misri ilizuka Paris mwaka 1781. Antoine Court de Gébelin aliwaona watu wakicheza taroti, akatangaza kuwa kile ni kitabu cha siri cha Wamisri. Hakuwa na hati yoyote. Wala hakuweza kuyasoma maandishi ya Misri, ambayo Champollion aliyafumbua mwaka 1822. Hata hivyo aliaminiwa, na wapiga ramli wakazitwaa karata hizo.

Lakini mchezo haukufa. Wafaransa wangali wakiucheza. Watu wa Bologna huucheza kwa jozi adimu ya karata 62, na wa miji michache ya Sicily kwa karata 63.

Basi, ukisimuliwa jambo la kale, usitosheke na utamu wa masimulizi. Uliza limeandikwa wapi, lini, na nani aliyelishuhudia. Pengine ushahidi hauko mbali: umo kinywani mwa babu yako, anapotaja turufu.